Nani Mwenye Deni la Moshi?



Mataifa makubwa hubishana kila yakutanapo: ni nani aliyeijaza anga hewa ya ukaa inayozidisha joto la dunia? Wabishani wakubwa ni Marekani na Uchina, na kila mmoja anayo hesabu ya kweli mkononi. Yafaa tuzitazame kwa insafu.

Mwaka 1950 Marekani peke yake ilitoa takriban asilimia 40 ya hewa hiyo itokayo katika makaa ya mawe, mafuta na gesi. Uchina haikufikia asilimia 2. Mwaka 2006 Uchina iliipita Marekani, na sasa hutoa karibu asilimia 30 kila mwaka, na Marekani 13 hivi. Basi Marekani husema: Tazameni mwaka huu. Uchina hujibu: Jumlisheni tangu viwanda vilipoanza. Na ikijumlishwa, Marekani ina karibu robo ya yote, na Uchina kiasi cha fungu moja katika saba.

Hesabu zote mbili ni za kweli, ila kila mmoja husoma ukurasa unaomfaa. Hewa hii si moshi wa jikoni wa kutoweka jioni; sehemu yake hubaki angani mamia ya miaka. Basi kupunguza leo ni jambo jema, lakini hakufuti la jana. Wala deni la jirani yako halikuhalalishii wewe kukopa.

Huenda mtu akasema: Wazee wao hawakujua, na waliopo wana kosa gani? Jawabu ni kwamba aliyevunja chombo cha mwenziwe bila kukusudia hana dhambi, lakini hulipa. Na maiti akiacha mali, deni lake hutolewa kwanza, ndipo warithi wagawane. Aliyerithi viwanda na utajiri uliotokana na moshi ule hawezi kusema mali ni yake na deni ni la babu. Tena tangu mkataba wa Rio wa mwaka 1992, udhuru wa kutojua umekwisha.

Ama anayepata hasara mara nyingi si mmoja wa wabishani hao. Mkoani Mara, watu wa Musoma, Bunda na Butiama, mpaka huko Buswahili, riziki yao ni shamba, mifugo na uvuvi. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hata likapita kipimo cha mwaka 1964, na maji yakaingia majumba na mashamba ya ukingoni. Hatusemi kila tone lilitokana na moshi, kwani 1964 pia lilijaa. Lakini wataalamu waliopima wameona kuwa joto la dunia liliongeza uwezekano wa mafuriko yale. Na Mtanzania mmoja hafikii hata nusu tani ya hewa hiyo kwa mwaka, hali Mchina ni kama tani 8 na Mmarekani 14.

Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara kama hizo. Wakubwa hupenda kuuita msaada. Msaada hushukuriwa, deni hudaiwa. Tusichanganye mawili hayo.

Wala sisi tusijisahau: msitu tunaoufyeka na kuuchoma umo katika daftari letu, hata likiwa dogo.

Basi, msomaji, ukisikia taifa likitaja fungu lake, uliza: la mwaka huu, au la tangu mwanzo? Na anayekataa kujibu moja ya mawili hayo, jua ana analolificha.