Kombe, Kura na Kamari

Kijana mmoja wa darsa yetu ametuuliza suala ambalo tumeona si haki kumjibu kwa neno moja. Asema: timu zinazoshindania Kombe la nchi hupangwa kwa kura, zikienda sare katika fainali, huamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na mwenye kufungwa mara moja hutoka, hata awe hodari namna gani. Je, hii si bahati nasibu? Na ikiwa ndiyo, ina tofauti gani na kamari tuliyoharimishiwa na Mwenyezi Mungu?

Wako katika mji wetu watu wenye kuharimisha mpira wote kwa jumla, wasitazame mna nini ndani yake. Na wako wengine wenye kuhalalisha kila lenye harufu ya mpira, hata kule kubashiri kwa simu kunakofanywa na vijana walioketi barazani wakingoja adhana. Makundi yote mawili yamekimbia taabu ya kupambanua.

Tuanze na kura. Nabii Yunus, amani imshukie, aliingia katika kura jahazini, na habari yake imo katika Sura As-Saffat. Waliogombania kumlea Bibi Maryam walitupa kalamu zao, kama ilivyo katika Aal Imran. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze. Basi kura haikuwa haramu kwa sababu tu ina bahati ndani yake. Mahali ambapo haki za watu ni sawa na hapana budi mmoja atangulizwe, kura huondoa manung'uniko. Lau msimamizi wa Kombe angeachiwa kupanga mwenyewe nani acheze na nani, twajua sote yangekuwaje!

Kamari ni jambo jingine. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakichinja ngamia, wakagawa nyama kwa mishale. Mwenye mshale mzuri akachukua fungu, na mwenye mshale mbaya akalipa thamani ya ngamia asiyemla. Hapa ndipo penye fundo la suala letu. Lenye kutazamwa si kwamba bahati imeingia, bali ni nani aliyelipa na nani aliyekula.

Ama kutolewa kwa kufungwa mara moja, hatuoni dhuluma ndani yake. Ligi yapima nguvu za mwaka mzima, na Kombe halikudai kupima hayo. Ngamia wa Mtume aitwaye Al-Adhbaa alikuwa hashindwi mbio, hata siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutoinua kitu cha dunia ila hukishusha. Mwaka 2025 Nairobi United, iliyokuwa ikicheza daraja la pili, iliifunga Gor Mahia mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Kenya. Aliyeudhika na arejee katika hadithi hiyo. (Penalti mimi mwenyewe sizipendi. Fainali ya mwaka 2021 baina ya Gor Mahia na AFC Leopards ilikwisha bila bao, ikaamuliwa kwa mikwaju. Lakini kutopenda kwangu si dalili ya sharia.)

Imebaki zawadi, na hapa njia yapanda. Iko hadithi yenye kuhusu zawadi ya mashindano katika mishale, ngamia na farasi, na wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuvuka mipaka yake. Wengine wameruhusu zawadi katika michezo mingine ya halali, maadamu yatolewa na mtu wa nje, si na washindani wenyewe. Hata tukiifuata kauli hii iliyo nyepesi, tazameni mashindano ya mitaani kwetu: kila timu hutoa fedha, fedha zikanunua ng'ombe, na ng'ombe akachukuliwa na mshindi. Haya yako karibu na ngamia wa ujahili kuliko Kombe la nchi, na wala hatusikii mtu akiyakemea. Pengine mzee wetu ndiye ashikaye sanduku.

Kombe la nchi nalo halikusalimika. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019 lilibeba jina la SportPesa, na mwaka 2021 likabeba jina la Betway, zote mbili kampuni za kubashiri. Bandari yetu ya Mombasa ililitwaa mwaka 2019 kwa kuifunga Kariobangi Sharks mabao 3 kwa 1, ikaenda kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Tulifurahi, na hatutubii furaha ile, kwani vijana wale walitoka jasho, na klabu yao yalelewa na Halmashauri ya Bandari kwa pato la gati. Lakini zawadi? Ilitoka nje, ni kweli. Huyo wa nje aliipata wapi? Kwa mchukuzi aliyetia shilingi mia ya unga wa watoto wake, akazikosa. Mwenye kulipa thamani ya ngamia hakuwako hata uwanjani.

Huambiwa: pasingekuwa na hao, nani angetoa? Mwaka huo huo wa 2019 SportPesa ilizozana na Serikali juu ya leseni, ikafunga kazi zake nchini na kuondoa ufadhili wake, na klabu kubwa zikabaki zikitapatapa. Suala hilo latuchoma sisi kuliko wao. Tunao matajiri watoao mali nyingi kwa karamu ya harusi ya usiku mmoja, na mtaa ule ule hauna mtu wa kuwanunulia vijana mpira mmoja. Mlango tuliouacha wazi umeingiwa.

Kijana aliyeuliza ni mlinda mlango wa timu ya mtaa wake, na wametakiwa watoe mchango wa kuingilia mashindano kabla ya mwezi kwisha. Tumemwambia aulize kwanza mchango huo wanunua nini. Ikiwa ni ujira wa refa na gharama za uwanja, na watoe. Ikiwa ndio huyo ng'ombe, wasitoe, na sisi wa darsa tutachanga ng'ombe tuwape wenye mashindano bila ya timu yoyote kutia senti. Amekwenda kuuliza.