Kikombe cha Asiyekunywa

Je, kinywaji kisicho na kileo, kilichotengenezwa kifanane na pombe, ni uongo? Swali laweza kuonekana dogo, lakini kwetu Omugo linagusa heshima ya watu. Kwenye sherehe, wanywaji huketi pamoja kwenye kwete. Mwislamu, mlokole, mama mjamzito na aliyeamua kuacha pombe hupewa maji au soda, wakakaa pembeni kama watu waliokuja kwa bahati mbaya.

Wanaopinga vinywaji vya kuiga wana hoja mbili. Kwanza, wanasema anayekunywa mojito isiyo na ramu anajifanya mnywaji. Pili, Aristotle alifundisha kwamba tabia hujengwa kwa kurudia matendo. Basi anayezoea sura na ladha ya pombe anajizoeza kuitamani.

Hoja ya kwanza inachanganya kufanana na kudanganya. Mojito ya Kuba ni ramu, ndimu, nanaa, sukari na maji ya soda. Ukiiondoa ramu, vinabaki vitu vinne, na hakuna hata kimoja kilicho mali ya walevi. Nyumbani mimi huponda nanaa pamoja na sukari, nikakamua ndimu, nikatia tangawizi ili koo lipate ukali kidogo, kisha soda. Kwa majirani kutoka Sudan Kusini, waliopokelewa hapa Omugo kuanzia 2017, nimejifunza kuchemsha karkade, yale maua mekundu ya choya, ambayo rangi yake haina cha kuonea wivu divai. Uongo ungekuwepo kama ningemficha mgeni kilichomo. Nikimwambia, nani amedanganywa?

Tena, nafaka zetu zenyewe zinaonyesha kwamba mpaka hauko kwenye sura. Kwete hupikwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, ukachanganywa na kimea. Togwa ya Tanzania nayo ni uji wa nafaka uliotiwa kimea, na hata watoto hupewa. Vikombe viwili vyaweza kufanana kwa macho, kimoja kikalevya na kingine kisilevye.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Kwa anayepambana kuacha pombe, glasi yenye sura ile ile yaweza kuamsha kiu. Kwa hiyo mwenyeji amuulize kwanza, wala asimlazimishe. Lakini kuna tabia nyingine inayojengwa kwa kurudia: kuketi na wenzako, kucheka na kusikilizana, ukirudi nyumbani na akili zako. Hiyo nayo inahitaji kikombe cha kushika mkononi.

Nasema haya nikijua kwamba ada yangu ililipwa kwa kwete ya shangazi yangu. Simhukumu yeye wala wateja wake. Ninachouliza ni kuhusu haki. Kuandaa kwete huchukua siku kadhaa za kuloweka, kukaanga na kungoja. Asiyekunywa hutafutiwa chupa dakika ya mwisho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hawakutaja mgeni yupi. Kama ukarimu hupimwa kwa jasho la mwenyeji, basi nusu saa ya kuponda nanaa na kuchemsha karkade ni deni tunalodaiwa, si mapambo ya sherehe.