Fundi Aliyebahatisha Akapatia

Fundi akibahatisha kwa hela ya mtu mwingine, na injini ikawaka, ametenda kosa au hajatenda? Wengi nikiwauliza swali hili hunicheka. Imewaka, bwana, sasa kosa liko wapi? Mimi nasema kosa lipo, na ushahidi wangu ni pawatila, yale matrekta madogo ambayo dereva hutembea nyuma yake ameshika mikono miwili kama anayevutwa na fahali.

Kwa asiyepajua, Ndungu iko tambarare, chini ya milima ya Upare Kusini, wilayani Same. Tunalima mpunga katika skimu ya hekta 680 hivi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, na maji yake yanatoka mto Yongoma. Mwaka 2009 ulipotangazwa mpango wa Kilimo Kwanza, pawatila zilimwagwa katika wilaya nyingi za nchi hii. Nyingi za wakati ule leo ni vikongwe. Sasa elewa jambo moja: maji ni ya zamu. Zamu ikikukuta jaruba lako halijavurugwa, maji yanakwenda kwa mwenzio na miche yako inazeekea kitaluni. Kwa hiyo pawatila ikigoma asubuhi ya zamu, mwenye shamba hana nafasi ya kubishana na fundi. Atakachoambiwa anunue, atanunua.

"Mama, hizi ni ringi."

"Una hakika, baba?"

"We nunua tu mama, utaniambia."

Hilo "utaniambia" ndilo ninalolishitaki. Injini ya dizeli si kitu cha miujiza. Haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka inapata moto wa kupita digrii 500, halafu nozeli inapuliza dizeli kama ukungu, nayo inalipuka yenyewe. Basi. Inataka hewa, dizeli na mgandamizo. Tena yenyewe inasema inapoumwa. Ukipiga hendeli na moshi usitoke kabisa, dizeli haifiki ndani: tazama tangi, filta, halafu legeza nati kwenye pampu utoe upepo. Moshi mweupe ukitoka na injini haiwaki, dizeli inafika lakini haiungui. Mweusi, hewa ni kidogo kuliko dizeli, na mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi. Wa bluu, inakula oili, na hapo ndipo neno ringi linapoanza kuwa na maana. Na hendeli ikizunguka laini kama ya cherehani, mgandamizo umevuja. Yote haya huulizwa kwa spana moja na kitambaa, bila kununua hata gasketi.

Fundi anayerukia ringi bila kuuliza hayo anacheza kamari, na hela ya kamari hiyo haikutoka mfukoni mwake. Tuseme amepatia. Kweli zilikuwa ringi. Je, kupatia kunamsafisha?

Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, mtaalamu wa hesabu, aliandika habari ya mwenye meli aliyekuwa na wasiwasi na chombo chake kikuukuu. Badala ya kukikagua akajituliza kwa maneno matamu, mbona safari zote kilirudi salama, akakiachia kiende na abiria wahamiaji. Kikazama. Lakini Clifford hakuishia hapo. Alisema hata kama meli ingefika salama, yule bwana angekuwa na hatia ileile, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Nilipokisoma kisa hiki nilimwona mama wa majaruba na ringi zake kwenye kifuko cha plastiki.

Najua nitakavyojibiwa. Fundi wa kijijini hana kifaa cha kupimia nozeli, kitabu cha injini kimeandikwa Kichina, na spea zikikosekana hapa ni safari ya Same au Moshi. Asipobahatisha afanye nini? Jibu langu ni fupi: aseme. "Mama, sina hakika, ila nashuku ringi. Tukikosea, hela imekwenda. Tujaribu?" Akisema hivyo na mama akakubali, kamari sasa ni ya wawili, na mimi sina neno. Kubahatisha kwenyewe sikukatazi. (Hata sisi tunaoandika hubahatisha, hadithi ikikwama tunamuua mhusika tukitumaini itatembea. Lakini karatasi ni yetu.)

Ila kuna kitu kinanikwaza, na sijakimaliza. Fundi atakayesema "sina hakika" atapata mteja gani wa pili? Sisi wenyewe tunamdharau. Tunamtaka fundi anayesikiliza injini kwa dakika moja kisha anataja ugonjwa kama mganga, na yule anayeinama nusu siku akilegeza na kukaza tunamwita mwanafunzi. Yaani uongo wake tumeuagiza sisi. Halafu angalia malipo. Aliyebadilisha ringi analipwa bila maneno, maana mwenye mali anazishika zile za zamani mkononi na kuona kitu kimetoka. Aliyegundua kuwa ni upepo tu kwenye mpira wa dizeli, akalegeza nati, mapovu yakatoka, akakaza, injini ikaunguruma, huyo akitaja bei utasikia: "Kwani umeweka nini?"

Na vijana wanaojifunza kazi wamechuchumaa hapo pembeni, wanasikia vizuri sana nani amelipwa na nani amekopwa.