Je, Kumlisha Yatima Ndiko Kumlea?

 

Kila mwaka, Ramadhani inapokaribia kumalizika, jumuiya yetu hukusanya michango na kwenda kutembelea kituo cha mayatima. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa waliokwenda. Tulipeleka mchele, mafuta, sabuni na nguo za Idi. Watoto walitupokea kwa kaswida, tukafuturu pamoja nao, tukapiga picha, tukaomba dua. Tulipokuwa tunapanda gari kurudi, mtoto wa kike wa miaka minne hivi, ambaye hakuwahi kuniona kabla ya siku ile, alinishika mkono na kuniita mama. Nilifurahi sana. Niliwaambia wenzangu kwamba mtoto yule amenipenda. Mlezi mmoja akanisikia, akasema kwa upole, "Dada, huyo kila mgeni humwita mama."

Nimekaa na maneno hayo mwaka mzima. Mtoto mwenye watu wake, akimwona mgeni, hujificha kwanza nyuma ya kitenge cha mama yake, kisha huchungulia. Anayemkimbilia kila mgeni hana mapenzi mengi kuliko wengine. Bado hajajua nani ni wake. Ndipo nikaanza kujiuliza: tukimpa yatima chakula, nguo, paa na darsa, je, tumemtimizia haki yake?

Wako waliolichunguza jambo hili kwa makini. Nchini Romania, utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwezi Desemba 1989, dunia iliona vituo vya serikali vilivyojaa watoto zaidi ya 100,000. Wengi wao hawakuwa mayatima; walipelekwa huko na wazazi walioshindwa kuwalea. Mwaka 2000 watafiti kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika vituo vya mji wa Bucharest. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya kituo. Miaka ilipopita, tofauti ilionekana wazi. Waliokwenda kwenye familia walikuwa na akili nyepesi zaidi, na walikuwa na mtu waliyemtegemea wanapoogopa au kuumia. Walionufaika zaidi ni wale walioingia katika familia kabla ya kutimiza miaka miwili hivi. Mwaka 2004 Romania ikatunga sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka miwili kuwekwa vituoni.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kituoni walezi hufanya kazi kwa zamu. Aliyemwogesha mtoto asubuhi siye anayemlaza usiku, na huenda mwakani akawa amepata kazi kwingine. Mlezi mmoja ana watoto kumi au zaidi. Anaweza kuwa mcha Mungu na mwenye huruma, lakini ana mikono miwili tu. Mtoto akilia usiku na asije mtu, akalia tena na asije mtu, mwisho huacha kulia. Wageni tukifika tunasema, "Mashaallah, watoto hawa wametulia!"

Nchini kwetu Rwanda tunalijua jambo hili kwa machungu yetu wenyewe. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, vituo viliongezeka kwa sababu nyumba nyingi zilibaki bila watu wazima. Waliovifungua waliokoa maisha, na Mungu awalipe. Lakini hesabu iliyofanywa mwaka 2012 ilikuta bado kuna watoto 3,323 katika vituo 33, ilhali miaka 18 ilikuwa imepita. Watoto hao wengi walizaliwa baada ya vita, na wengi wao walikuwa na jamaa walio hai. Kilichowapeleka kituoni mara nyingi kilikuwa umaskini. Mwaka huohuo serikali ilipitisha mkakati wa kuwarudisha watoto katika familia, na mwaka uliofuata ukaanza mpango uitwao Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Familia zinazojitolea kupokea watoto wasio wao zinaitwa Malayika Mulinzi, malaika mlinzi.

Sasa turudi katika dini yetu. Qur'ani imewataja mayatima mara nyingi, na imetoa onyo kali kwa anayekula mali yao kwa dhulma. Wafasiri wanaeleza, kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.), kwamba masahaba waliposikia onyo hilo waliogopa mno. Waliokuwa na mayatima majumbani walitenga chakula cha yatima na chakula chao, kinywaji chake na kinywaji chao. Kikibaki chakula cha yatima, kiliwekwa mpaka akile mwenyewe au kiharibike. Jambo hilo likawa zito kwao, wakamwuliza Mtume (s.a.w.). Ndipo ikateremka aya ya 220 ya Suratul Baqara, inayofundisha kwamba kuwatengenezea mambo yao ni kheri, na kwamba wakichanganyika nao, basi hao ni ndugu zao.

Tuizingatie sababu hii. Masahaba walikuwa wanatimiza haki ya mali kwa ukamilifu usio na doa. Yatima alikuwa analishwa na hadhulumiwi hata punje. Hata hivyo, kutengwa kwa sahani yake hakukuachwa kuendelea. Yatima akarudishwa kwenye sinia moja na watoto wa nyumba. Kadhalika katika Suratul Fajr, aya ya 17 inawalaumu watu kwa kutomkirimu yatima, kisha aya ya 18 ndiyo inataja kulishwa kwa maskini. Kukirimu ni zaidi ya kulisha. Hata mfungwa hulishwa.

Na tuangalie sira. Mtume (s.a.w.) alifiwa na baba kabla ya kuzaliwa, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, na babu akiwa na miaka minane. Kila msiba ulipotokea, alitoka mikononi mwa jamaa akaingia mikononi mwa jamaa, mpaka akafika kwa ami yake Abu Talib na mkewe Fatima bint Asad. Abu Talib hakuwa tajiri, na alikuwa na watoto wengi. Mtume hakumsahau Fatima maisha yake yote. Mtu hujengwa na nyumba inayomjua jina.

Najua hoja za wanaopinga, na si hoja nyepesi.

Kwanza, wanasema familia nyingine ni mbaya kuliko kituo. Ni kweli. Wako wanaomchukua mtoto wa marehemu ndugu yao wakamfanya mtumishi. Wenziwe wako shule, yeye anachota maji. Mtoto huyo angekuwa na nafuu kituoni. Lakini jambo hili linatudai tuzifuatilie familia. Aya ileile iliyoruhusu kuchanganyika imekumbusha kwamba Mwenyezi Mungu anamjua mharibifu na mtengenezaji. Ruhusa imekuja pamoja na usimamizi.

Pili, wanataja suala la mahramu. Mtoto wa kulea hawi mtoto wa damu, na Suratul Ahzab imeamrisha watoto waitwe kwa majina ya baba zao. Akibaleghe, mipaka ya stara inarudi. Hili nalo ni kweli, na hatuna ruhusa ya kulifumbia macho. Lakini sheria yenyewe imeweka njia. Mtoto mchanga akinyonyeshwa kwa masharti yake ndani ya miaka miwili ya mwanzo, anakuwa mtoto wa kunyonya. Mtoto mkubwa anaweza kupelekwa kwa jamaa walio mahramu zake: shangazi, mjomba, bibi. Aliyekosa yote hayo analelewa kwa adabu za stara, kama tunavyoishi na mabinamu zetu. Kulihifadhi jina la baba yake hakumnyimi sinia wala kitanda.

Tatu, wanasema fedha kidogo ikipelekwa kituoni inawafikia wengi. Hoja hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa sisi wanachama ndio tunaohesabu fedha hizo. Fikiria mjane wa mtaa wa Nyamirambo mwenye watoto watatu. Hakuna anayemgongea mlango. Anasikia kwamba kituoni watoto wanapata ada, sare, mituweli na wali wa Idi. Afanye nini? Anampeleka mmoja, anarudi analia. Mchango wetu uliokusudiwa kumsaidia yatima umemtoa yatima kwa mama yake. Nia zetu ni njema, na Mwenyezi Mungu anazijua, lakini mtoto yule hakai katika nia zetu. Anakaa pale tulipomweka.

Tunayo methali tunayopenda kuwatupia watoto wa vituoni wakikosea: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto hakuchagua kumkosa mama. Ulimwengu unaosemwa ni mimi na wewe.

Sisemi vituo vifungwe kesho, wala sisemi tuache kuwatembelea waliomo. Wapo watoto wasio na pa kwenda, na walezi wanaokesha nao wana ujira wao kwa Mola. Lakini napendekeza mambo matatu kwa jumuiya yetu kabla ya Ramadhani ijayo. Mchango ugawanywe, na nusu yake iende kwa wajane na mabibi wanaolea wajukuu katika mitaa inayozunguka msikiti, kwa ada, mituweli na mkaa. Kila kikundi cha wanafunzi watano kishike familia moja na kuitembelea kila mwezi, si mara moja kwa mwaka, na watu wawe walewale. Na picha za watoto tuache. Yatima si ushahidi wa sadaka yetu.

Mtume (s.a.w.) alipoeleza ukaribu wa Pepo kwa anayemsimamia yatima, alionyesha vidole viwili vilivyo jirani. Mimi bado sijafika hapo. Mtoto aliyeniita mama hata jina lake sikuliuliza, na nimeona aibu kulisema hilo mbele yenu. In shaa Allah safari hii nitauliza jina lake, na nitauliza kama ana shangazi.

Wabillahi tawfiq.