Maadili, Hakimiliki na Programu Isiyolipiwa

Programu ya kompyuta ikinakiliwa, mwenyewe habaki mikono mitupu. Aliyeibiwa baiskeli hutembea kwa miguu. Kampuni iliyonakiliwa programu yake huamka kesho yake ikiwa nayo ileile. Kwa hiyo watu wengi ambao hawangethubutu kuondoka na kalamu ya jirani hupokea bila wasiwasi programu iliyovunjwa kinga, iwe kwa fleshi ya rafiki au kwa fundi wa mtaani anayepiga Windows kwa malipo kidogo. Wakiulizwa, husema kila mtu na dhamiri yake. Wanaowapinga hujibu kwamba wizi ni wizi. Majibu yote mawili ni mepesi mno, kwa sababu yanaruka swali lililo chini yake: je, jema na baya hutegemea mtu au jamii yake, au yapo mambo yaliyo mabaya popote na kwa yeyote?

Wanaosema maadili hubadilika wana ushahidi wa kale. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia jinsi Mfalme Dario wa Uajemi alivyowauliza Wagiriki wangetaka malipo gani ili wale maiti za baba zao. Walisema hakuna malipo yatakayotosha. Kisha akawauliza watu wa kabila moja la India, ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazazi waliokufa, wangetaka nini ili wawachome moto kama walivyofanya Wagiriki. Nao wakapiga kelele kwa kuchukizwa. Herodotus aliona humo nguvu ya mila. Lakini kisa hicho kinashuhudia pia kinyume chake. Pande zote mbili zilishikilia kwa ukali uleule kwamba mzazi aliyekufa lazima aheshimiwe. Zilitofautiana juu ya namna ya kumheshimu.

Katika Uislamu mjadala ulikwenda njia nyingine. Wanateolojia wa Muutazila walishikilia kwamba akili yenyewe hutambua uzuri na ubaya wa tendo hata kabla ya wahyi. Maashari, ambao itikadi yao ndiyo iliyoenea miongoni mwa Mashafii wa pwani ya Afrika Mashariki, walisema tendo huwa jema au baya kwa amri ya Mungu. Tofauti hiyo ni kubwa, ila hakuna upande uliomwachia mtu mmoja mmoja ajipangie uhalali wake.

Kauli ya kila mtu na dhamiri yake ina udhaifu ambao suala la programu linauanika vizuri. Anayenakili bila kulipa mara nyingi huongeza kwamba bei ni ya dhuluma: leseni moja inaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu, na kampuni zinazoiuza ni tajiri kupindukia. Malalamiko hayo yanaweza kuwa na haki kabisa. Lakini mtu akishasema bei ni ya dhuluma amekwisha kukiri kwamba kuna haki isiyotegemea dhamiri ya muuzaji wala ya mnunuzi, ambayo kwayo wote wawili wanapimwa. Kama maadili ni ya kila mtu, kampuni nayo ina yake, na hakuna wa kuilaumu. Anayenakili hawezi kuishtaki kwa mizani ya wote huku akijitetea kwa mizani yake peke yake.

Wanaosema wizi ni wizi nao huchanganya mambo mawili. Kuwapo kwa kanuni isiyobadilika hakumaanishi kwamba hukumu ni ileile katika kila hali. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba mwenye dhiki ya kufisha anayechukua chakula cha mwingine hatendi wizi, kwa kuwa vitu vya dunia viliwekwa kwanza kuwakimu watu wote. Khalifa Umar anakumbukwa kwa kusimamisha adhabu ya kukata mkono katika mwaka wa njaa. Hakuna kati yao aliyesema wizi umekuwa halali. Waliona kwamba kanuni ileile, ikitumiwa kwa uaminifu, hutoa jibu jingine tumbo linapokuwa tupu.

Zaidi ya hayo, hakimiliki si milki ya asili kama shamba. Sheria ya kwanza ya aina yake ilianza kutumika Uingereza mwaka 1710, na kwa kitabu kipya ilitoa miaka 14, ikirefushwa mara moja tu kama mwandishi yu hai. Mkataba wa Berne wa 1886 uliipeleka kinga hiyo nje ya mipaka ya nchi moja, na mkataba wa kibiashara wa TRIPS wa 1994 ukaagiza programu zilindwe kama maandishi ya fasihi. TRIPS hiyohiyo imezipa nchi maskini zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda na Burundi, nafasi ya kutotekeleza sehemu kubwa ya masharti yake hadi 1 Julai 2034, ilhali Kenya haimo katika nafuu hiyo. Tanzania ilikwisha kujitungia sheria ya hakimiliki mwaka 1999, lakini wajibu wa kimataifa unabadilika mtu akivuka mpaka wa Tanzania na Kenya pale Namanga. Kanuni ya milele haingoji tarehe ya mkataba. Ni dhahiri kwamba hapa jamii zimepatana utaratibu, zikiukadiria na kuurekebisha.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walilazimika kupima. Mafakihi wa Kihanafi wa zamani waliifunga maana ya mali na vitu vinavyoshikika, hivyo haki juu ya nakala ilikuwa ngumu kuingia humo. Mwaka 1988, katika kikao chake cha Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zimekuwa na thamani ya mali katika desturi za leo, na kuzivamia hakufai. Uamuzi ulitaja desturi waziwazi. Kilichobaki palepale ni katazo la kula mali ya mtu kwa batili.

Mgogoro wenyewe wa kunakili programu ulianza mapema. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta ndogo barua ya wazi, akilalamika kwamba wachache sana waliokuwa wakitumia programu ya BASIC aliyoitengeneza na wenzake walikuwa wameilipia, na kuuliza nani atafanya kazi ya kitaalamu bure. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa programu huru wa GNU, akishikilia kwamba kumzuia mtu kumgawia jirani programu ni kuharibu udugu. Watu hawa wawili wanapingana karibu katika kila jambo, ila wote walizungumza lugha ya wajibu. Na Stallman hakuhimiza kuvunja kinga za wengine: aliketi akaandika programu mpya na kuziachia watu. Mfano huo una uzito kuliko hoja nyingi.

Kosa la anayenakili, basi, si lile la mwizi wa baiskeli. Liko katika kunufaika na kazi ambayo gharama yake hubebwa na wanaolipa, kwa njia ambayo isingewezekana wote wakiifuata. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785, alitaka kila tendo lipimwe hivyo: je, mtendaji anaweza kutaka kanuni yake iwe ya wote? Kosa hilo huwa zito au jepesi. Mwanafunzi anayejifunza kwa programu ambayo hangeweza kuinunua kamwe hamnyimi mtengenezaji pato lolote. Kampuni yenye faida inayokwepa leseni humnyima. Fundi anayeuza nakala zilizovunjwa hupata riziki kwa jasho la mwingine, na mara nyingi humwachia mteja virusi ndani ya mashine.

Udhuru wa dhiki nao umepungua nguvu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bure na kwa ridhaa ya waliozitunga. Penye mbadala halali unaotosha kazi, dhiki huwa ni upendeleo tu wa kilichozoeleka. Dhiki ya kweli inabaki kwa yule ambaye kazi yake haina mbadala, kama mhandisi anayepokea michoro inayofunguka kwa programu moja tu. Na ziko programu ambazo mtengenezaji ameacha kuziuza, pengine kampuni yenyewe ikiwa imekwisha kufungwa. Sheria bado huzilinda hadi muda wake uishe, lakini anayezinakili ili afungue mafaili yake ya zamani hana mtu anayemdhulumu.