Kazi Ikisha, Je, Haki Nazo Huisha?

Watu wetu twajua sana kukutana kwa kazi, lakini kuachana baada ya kazi hatukujifunza. Ikiundwa kamati ya kujenga madrasa, ya kuchimba kisima au ya kusimamia arusi, siku ya kwanza husomwa fatiha, huchaguliwa mwandishi na mshika fedha, na kila mtu hutoa ahadi. Ama siku ya mwisho haijulikani. Mmoja haji tena, wa pili haulizi, wa tatu abaki na daftari nyumbani kwake. Haipiti miezi sita illa twasikia kwamba watu wawili waliokuwa wakibeba mawe pamoja hawasalimiani barazani. Ukiuliza kisa, hupati kosa lililo wazi. Kilichowatenga ni mambo ambayo hayakusemwa wakati wake.

Basi swali letu ni hili: watu waliokusanywa na kazi, kazi hiyo ikisha, je, wanadaiana jambo?

Huenda mtu akasema: hawadaiani. Kilichowaunga ni kazi, nayo imekwisha. Fundi akimaliza nyumba na akapewa ujira wake huenda zake, wala hakuna anayemlaumu.

Twamjibu: fundi yule alipatana kwa ujira, na ujira ndio uliofunga mapatano. Ama wenzi wa kazi moja kila mmoja amempa mwenziwe kitu kisichoandikwa daftarini: wakati wake, subira yake, siri zake, na jina lake mbele za watu. Vitu hivi ni amana. Na amana haifutwi kwa kuisha kazi; bali hapo ndipo itakiwapo kurejeshwa kwa mwenyewe. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622, alimwacha nyuma Sayyidna Ali (R.A.) ili awarejeshee watu amana zao, ilhali wakubwa wa mji huo walikuwa wamekwisha kupatana kumuua. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mtu unayeachana naye kwa uadui, haki ya uliyefanya naye kazi kwa mapenzi itakuwaje?

Tena itazame lugha yetu yenyewe. Twasema «kuagana» kwa watu wanaopeana kwaheri. Na neno hilo hilo twalisema kwa watu wanaofungiana ahadi. Wazee waliposema kwamba atakaye kuruka na aagane na nyonga, hawakukusudia aipe nyonga yake mkono wa buriani, bali apatane nayo kwanza. Basi kuagana kwa kweli si kupungiana mikono tu. Ni kupatana mara ya mwisho, kama vile mlivyopatana mara ya kwanza.

Mabaharia wa majahazi yaliyokuwa yakija pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi waliyajua haya. Baharia wao hakuwa na mshahara wa mwezi. Alikuwa na fungu lake katika pato la safari. Safari ikisha, gharama za chombo hutolewa kwanza, kisha kila mtu akapewa fungu lake. Mtu aliyelala ubavuni mwako miezi mingi baharini huachani naye kwa kukisia.

Na mfano mkubwa zaidi ni wa serikali zetu wenyewe. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli, bandari, posta na ndege zikawa za shirika. Kuingia kulikuwa na mkataba, sahihi na sherehe. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na kutoka hakukuwa na lolote katika hayo. Kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwaka huo, usifunguliwe mpaka 1983. Na watu wa Mombasa wenye jamaa zao Tanga wakaona njia ya siku moja imekuwa safari ya nchi ya mbali.

Hesabu haikukatwa mpaka mwezi wa Mei 1984, hapo Arusha, baada ya usuluhishi wa miaka mingi wa Victor Umbricht, mtu wa Uswisi. Mali ikagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba kutafuta mapatano ya kuachana! Na hata baada ya mwaka 2000, wazee wa Tanzania waliokuwa watumishi wa Jumuiya hiyo walikuwa bado mahakamani wakidai mafao yao. Wakubwa waliachana bila ya kuagana, na waliolipa ni wadogo.

Lakini angalia na jambo la pili. Mapatano yale ya 1984 yaliacha nafasi ya nchi hizo kushirikiana tena, na tarehe 30 Novemba 1999 zilitia saini mkataba mpya. Hesabu iliyokatwa kwa haki haikufunga mlango, ndiyo iliyoufungua. Twadhani kwamba kutaja deni ni kuvunja urafiki, ilhali unaouvunja ni ule unyamavu wetu.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kazi ikisha yatupasa tufanye mambo manne. Kwanza, iwekwe siku ya mwisho kama ilivyowekwa ya kwanza, na aalikwe hata aliyejitoa njiani. Pili, isomwe hesabu, na kila kilichobaki, iwe ni shilingi kumi au ufunguo, kikabidhiwe mbele ya wote. Tatu, itajwe kazi ya kila mtu kwa jina lake, khasa yule aliyefagia na kuchota maji, kwani aliyesimama mbele amekwisha kuonekana. Nne, watu waombane radhi kwa maneno. Na aliye na donge aliseme hapo kwa adabu, au alisamehe asilirejee tena. Siri walizozijua kwa ajili ya kazi zibaki palepale zilipojulikana.

Hayo yote hayachukui zaidi ya alasiri moja na buli la kahawa. Kamati nyingine itaundwa mwakani, na watakaoitwa ni watu hawa hawa, kwani mji wetu ni mdogo. Tukiwaacha na kinyongo leo, kesho tutajenga na nani?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza mwisho kama tunavyopamba mwanzo. Amin.