Aache Kwanza, Ndipo Tumpokee?

Soma Marko 2:1–12. Mtu aliyepooza aliletwa kwa Yesu akiwa amebebwa na watu wanne. Mlango ulikuwa umezibwa na umati, kwa hiyo walimshusha kupitia darini. Yesu alimsamehe dhambi, kisha akamwagiza asimame, abebe godoro lake, aende nyumbani. Alishughulikia roho na mwili katika ziara moja. Tena hakuna aliyemwambia mgonjwa yule kwamba angepokelewa endapo tu angetembea mwenyewe hadi mlangoni.

Habari hiyo inatuletea swali gumu. Mtu aliyefungwa na heroini anapokuja kwetu, naye amelemewa na huzuni nzito, tuanze na lipi? Tumtake aache kwanza, ndipo tushughulikie huzuni yake? Au tumfariji kwanza, tukitumaini kwamba ataacha mwenyewe?

Fikiria kijana wa Kizota anayebeba magunia kwenye maghala ya nafaka. Amefiwa na mama yake, kazi ni ya siku moja moja, na usiku hapati usingizi. Rafiki anampa unga. Kwa saa chache maumivu ya mgongo na ya moyo yananyamaza pamoja. Mtego uko hapo. Mungu aliumba ubongo ukiwa na vitu vyake vya kutuliza maumivu na kuleta furaha. Heroini huchukua nafasi ya vitu hivyo kwa nguvu kubwa mno, na kadiri inavyotumiwa, ubongo hupungukiwa na uwezo wa kufurahia chakula, wimbo, au kicheko cha mtoto. Unga ukikosekana, arosto inamshika: mifupa inauma, anatapika, anaharisha, anatetemeka. Maumivu hayo ya mwili hupungua baada ya siku kadhaa. Huzuni na kukosa usingizi vinaweza kubaki kwa majuma mengi, hata miezi.

Wapo waliotanguliwa na sonona, wakatafuta nafuu kwenye unga. Wapo ambao unga ulitangulia, ukaleta sonona. Kwa vyovyote vile, moja hulisha lingine. Ndiyo maana kusema "acha kwanza" hakutoshi: akiacha, huzuni ile ile iliyompeleka kwenye unga humrudisha huko. Na kurudi huko ni hatari kuliko mwanzo. Mwili uliokaa majuma kadhaa bila heroini umepoteza uzoefu wake, hivyo kiasi alichokuwa akitumia zamani kinaweza kumzuia kupumua na kumwua. Kumfariji tu bila kutibu uraibu nako hakutoshi, maana arosto itamwita kabla maneno yetu ya faraja hayajapoa.

Nchini mwetu njia imefunguliwa. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine. Hapa Dodoma inatolewa Itega, kituo kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe. Wengi wetu tumelisikia jina la Mirembe likitumiwa kama tusi. Lakini tangu 1927 hospitali hiyo imewapokea watu ambao wengine waliwakimbia. Kwamba wanaotibu magonjwa ya akili ndio hao hao wanaosimamia tiba ya uraibu ni jambo la busara, kwa kuwa mgonjwa hahitaji kuigawa nafsi yake katika milango miwili.

Muumini anayeshika kanuni za afya anaweza kuuliza: methadoni si dawa ya kulevya nyingine? Swali hilo ni la haki, nalo lisipuuzwe. Methadoni ni ya jamii moja na heroini. Lakini hutolewa kwa kipimo, hunywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na ikipimwa vizuri huzuia arosto bila kumlewesha mtu. Kiasi, kama tunavyofundisha, ni kutawala nafsi. Heroini humfanya mtu mtumwa wa kutafuta unga kila baada ya saa chache. Anayekunywa methadoni asubuhi anaweza kwenda kazini, kumlea mwanawe, na kusali akiwa na akili timamu. Hata hivyo, methadoni haiondoi sonona na haimpi mtu sababu ya kuishi. Kwa hiyo pamoja nayo yanahitajika matibabu ya sonona: mazungumzo na mshauri, na pengine dawa, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi vizuri. Daktari na ajue kila kitu ambacho mgonjwa anatumia, maana methadoni ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kuua.

Mwingine atasema huzuni ya namna hiyo ni upungufu wa imani. Soma 1 Wafalme 19:1–8. Nabii aliyeomba moto ukashuka Karmeli aliketi chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Je, kuuita uraibu ugonjwa ni kufuta dhambi? Hapana. Yesu alimsamehe yule aliyepooza. Kijana aliyeuza televisheni ya nyumbani kwao ana jambo la kuungama na deni la kulipa. Wagalatia 6 inatuagiza kusaidiana mizigo katika fungu la 2, na katika fungu la 5 inasema kila mtu ana mzigo wake. Mafungu hayo hayapingani. Toba ni yake, hatuwezi kutubu kwa niaba yake. Lakini nauli ya kwenda Itega, mtu wa kumsindikiza, na rafiki wa kumwuliza waziwazi kama anawaza kujiua, hayo tunaweza kuyabeba.

Basi tusimwambie mtu atupe dawa zake siku ya ubatizo ili kuthibitisha imani. Kupunguza au kuacha ni kazi ya kufanywa polepole pamoja na daktari. Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Ni imani iliyoonekana kwa mikono iliyobeba.

Maswali ya Kujadili

1. Je, anayetumia methadoni kwa uaminifu anaweza kubatizwa? Toeni sababu zenu kutoka katika Maandiko.

2. Ni maneno gani tunayotumia kanisani, kama "teja" au "wa Mirembe," yanayomzuia mgonjwa asije?

3. Katika kundi lenu, nani wanne wangeweza kumbeba mtu mmoja kwa mwaka mzima, na kila mmoja angeshika upande gani?